Utabiri wa majira ya kuchipua: soma msimu, lakini jihadhari na usiku mmoja

Baridi ikianza kulegea, swali la kwanza kwa mwenye shamba na mwenye bustani huwa lile lile: mwaka huu kutakuwaje? Mtu anataka ajibiwe kwa neno moja, joto au baridi, aende zake akapande. Utabiri wa msimu haujibu hivyo, na wengi wanaoumia si kwamba walikosa utabiri. Waliusoma kama ahadi.

Watabiri huchukua hali ya hewa ya miaka 30 iliyopita, kwa sasa 1991 hadi 2020, wakaigawa mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya baridi, ya kawaida na ya joto. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Kwa hiyo ukisikia kuna uwezekano wa asilimia 45 wa joto kuzidi kawaida, mizani imeinama kidogo tu. Nafasi 55 katika 100 bado ziko kwenye mafungu mengine mawili. Na hata utabiri ukitimia, unazungumzia wastani wa miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo unaweza kuingia usiku mmoja wa nyuzijoto 3 chini ya sifuri na wastani usitikisike. Miche ya nyanya haigandi kwa wastani.

Kwa wenye miti ya matunda, mimi huogopa zaidi utabiri wa joto kuliko wa baridi. Mwaka 2012 katika jimbo la Michigan, Marekani, Machi ilikuja na joto lisilo la kawaida, mitufaha ikaamka wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Aprili jalidi, yaani baridi inayogandisha mimea, ikarudi, tena zaidi ya mara moja, na takriban asilimia 90 ya mavuno ya matufaha ya jimbo hilo yakapotea. Ufaransa nayo ilipata pigo la namna hiyo Aprili 2021, mizabibu na miti ya matunda ilipokuwa imeshachipua kwa joto la mwisho wa Machi. Sababu iko kwenye tumba lenyewe. Tumba la mtufaha linaloanza tu kuvimba huvumilia hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Ua likishafunguka kabisa, hasara huanza kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na zikifika karibu 4, maua tisa katika kumi yamekufa. Mti ule ule, shamba lile lile, tofauti ni wiki chache za joto lililowahi.

Kuna tarehe nyingine inayodanganya: ile ya wastani wa jalidi ya mwisho. Watu huizungushia duara kwenye kalenda kama siku ya kupanda. Neno wastani hapo lina maana kwamba karibu nusu ya miaka jalidi huja tena baada ya tarehe hiyo. Ukihamisha miche yako ya nyanya siku hiyo, umerusha sarafu. Tafuta tarehe ambayo baada yake jalidi huja mara moja tu katika miaka kumi. Mara nyingi iko wiki mbili au zaidi mbele. Njegere, vitunguu, spinachi na kabichi hazihitaji kusubiri kiasi hicho, maana zinastahimili baridi ndogo. Nyanya, matango, maboga na maharage zisubiri.

Kabla ya kupanda mbegu, lakini, hewa si ya kuulizwa kwanza. Uliza udongo. Chomeka kipimajoto kina cha sentimita 5 asubuhi, siku tatu au nne mfululizo. Njegere na saladi huota udongo ukiwa na nyuzi 5 hivi, ingawa polepole. Mahindi yanataka angalau 10. Maharage na matango, 16 kwenda juu; ukiyawahisha mbegu hulala kwenye ubaridi na unyevu hadi zioze, kisha muuza mbegu ndiye hulaumiwa. Siku mbili za jua kali hupasha uso wa udongo tu, ndiyo maana kipimo cha siku moja hakitoshi. Na kama udongo umelowa, finyanga donge mkononi ulibonyeze kwa kidole: likivunjika vipandevipande, ingia shambani; likibonyea kama unga uliokandwa, toka. Trekta linalopita kwenye udongo wa namna hiyo huacha mgandamizo ambao mizizi itauhisi msimu mzima.

Sasa huo usiku wenyewe. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kwenye kivuli, mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini. Usiku usio na wingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kwenda juu, na hewa inayogusa majani inaweza kuwa baridi kuliko ya kituoni kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo utabiri wa nyuzi 3 juu ya sifuri unaweza kuleta jalidi kwenye tuta lako. Mawingu ni kama blanketi. Upepo mwepesi nao husaidia, kwa sababu unachanganya hewa ya chini na ile ya juu yenye joto zaidi. Angalia pia kiwango cha umande kinachotangazwa, yaani nyuzijoto ambazo hewa ikishuka kuzifikia umande huanza kutunga: kikiwa chini sana, hewa ni kavu na baridi itashuka haraka baada ya jua kuzama.

Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji. Huteremka mteremko, hujaa bondeni, hutuama nyuma ya ukuta au ua wa miti uliokingama. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuamka asubuhi moja, mmoja analia na mwingine hajui kilichotokea. Nunua vipimajoto viwili vya bei ndogo, kimoja ukiweke kona ya chini kabisa ya shamba, usawa wa kifundo cha mguu, kingine juu ya mteremko. Kwa wiki mbili linganisha usomaji wa alfajiri na utabiri wa jana yake. Ukiona kona yako huwa chini ya utabiri kwa nyuzi 4, basi utabiri wa 4 ni sifuri kwako.

Usiku wa hatari ukitangazwa, funika mapema, kabla jua halijazama, ili joto la udongo libaki ndani. Kitambaa kifike hadi chini pande zote. Kukifunga shinani kama mfuko ni kuliacha nje joto ulilotaka kulitunza. Nailoni isiguse majani. Udongo mkavu umwagilie mchana, kwani wenye unyevu huhifadhi joto zaidi. Matandazo, ambayo kwa kawaida nayasifu, hapa huleta shida: huzuia joto la udongo kupanda kwenye mmea. Yasogeze kando hadi msimu utulie. Wanaokinga mimea na jalidi kwa mitambo ya kunyunyizia maji wakumbuke kuwa ukianza usiku huwezi kuacha alfajiri. Ukisimama kabla barafu haijayeyuka, maji yanayovukizwa huchukua joto la mmea na hasara huzidi.

Asubuhi baada ya jalidi, usikimbilie kung'oa. Ncha ya ukuaji ya mahindi machanga iko chini ya udongo hadi yafikishe majani matano au sita, hivyo yaliyoungua juu mara nyingi hurudi. Viazi navyo huchipua upya kutoka chini. Maharage ncha yake iko juu ya udongo, hivyo yakiungua mara nyingi hayarudi. Acha siku nne au tano, kisha pasua shina la mahindi kwa kisu: sehemu ya ndani ikiwa nyeupe na ngumu, liache liendelee, ikiwa laini na ya kahawia, andaa mbegu nyingine.