Jinsi ya kuchunguza uhusiano wa Uzoroasta na Ukristo wa mwanzo bila kuingizwa mkenge

Kila ikifika Disemba lazima kwenye grupu mtu aforwadi ile picha yenye orodha ndefu, Mithra, mungu wa Kiajemi wa zamani, kazaliwa tarehe 25 Disemba na bikira, alikuwa na wanafunzi 12, kafa kafufuka, kwa hiyo Wakristo wamekopi kila kitu kwa Waajemi, kwisha habari. Alafu anakuja mwingine anajibu huo ni uongo mtupu hakuna uhusiano wowote ule. Nimeshabishana na pande zote mbili mpaka bando likaisha, kwa hiyo naandika hapa namna ya kuchunguza mwenyewe. Unahitaji Biblia ya Kiswahili, karatasi na kalamu.

Kwanza ujue tunaongelea nani. Wazoroasta ni wafuasi wa Zarathustra, nabii wa Iran ya kale, wanamwabudu Ahura Mazda na wanaheshimu moto kama alama yake (kusema wanaabudu moto ni kuwaonea). Waliohamia India ndo Waparsi, na Freddie Mercury aliyezaliwa Mji Mkongwe Zanzibar mwaka 1946 alitoka kwenye familia ya Kiparsi. Hata Nairuzi, ule mwaka mpya wa pwani, jina lake ni la Kiajemi.

Haya, fungua Mathayo 2. Biblia yetu inasema mamajusi wa mashariki. Hapo Waswahili tuna bahati maana Biblia nyingi za Kizungu zimeandika tu watu wenye hekima, uhusiano ukapotea, ila kwetu neno limebaki. Majusi ni neno la Kiajemi cha kale, lilikuwa jina la makuhani wa Iran, Wagiriki wakalichukua wakasema magos, Waarabu wakasema majusi, na ndo hao hao wanaotajwa kwenye Kurani sura ya 22 aya ya 17. Usikimbilie kushangilia lakini. Nenda Matendo 13:6, utamkuta Bar-Yesu anaitwa mchawi, na kwenye Kigiriki neno ni lile lile, magos! Yaani wakati ule magos alikuwa kuhani wa Kiajemi au mganga tapeli wa mtaani, inategemea nani anaongea. Mathayo kasema mashariki tu, nchi hajataja, na hata kwamba walikuwa watatu hajasema, zawadi ndo zilikuwa tatu.

Neno jingine ni lile Yesu alilomwambia mhalifu msalabani, Luka 23:43, kwetu ni peponi. Kigiriki kinasema paradeisos, na hilo limetoka kwenye neno la Kiirani lenye maana ya bustani iliyozungushiwa ukuta. Firdausi ya Kiarabu ni mtoto wa mzazi huyo huyo. Ila neno kusafiri na imani kusafiri ni vitu viwili, sisi tumechukua meza kwa Wareno na hakuna anayesema Wareno ndo walitufundisha kula.

Sasa chora mstari wa miaka, hapa watu wengi wanaruka na ndo penyewe. Mwaka 539 kabla ya Kristo Koreshi wa Uajemi anaiteka Babeli, mwaka unaofuata anawaruhusu Wayahudi warudi kwao, na kuanzia hapo wanakaa chini ya Waajemi karibu miaka 200 mpaka Alexander Mkuu wa Ugiriki anapowashinda. Soma Isaya 45:1 uone Koreshi anaitwa masihi wa Bwana, hakuna mtu mwingine asiye Mwisraeli aliyepewa cheo hicho kwenye Biblia. Wengine wanaruka na hiyo wanasema Koreshi alikuwa Mzoroasta, wakati ile silinda yake ya udongo iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 inamsifu Marduk, mungu wa Babeli. Dario wa kwanza, mfalme wa Uajemi wa baadaye, ndo aliandika jina la Ahura Mazda wazi kabisa kwenye mwamba wa Behistun, kule Iran.

Ukishachora mstari fanya zoezi hili, mimi ndo lilinifungua macho. Weka kidole kwenye 2 Samweli 24:1 na kidole kingine kwenye 1 Mambo ya Nyakati 21:1. Ni kisa kimoja, Daudi anahesabu watu. Samweli anasema hasira ya Bwana ndo ilimtia Daudi nia hiyo. Mambo ya Nyakati, kitabu kilichoandikwa baadaye baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni, kinasema aliyemshawishi ni Shetani. Umeona? Katikati hapo kuna kitu kimebadilika kwenye namna ya kueleza ubaya unatoka wapi, na kwa jirani zao Waajemi kulikuwa na mafundisho ya roho mbili pacha, moja imechagua jema nyingine baya, yapo kwenye Gatha, yaani nyimbo za Zarathustra mwenyewe, sura ya 30 ya Yasna, sehemu ya maandiko yao matakatifu. Je wamechukua hapo? Inawezekana wamesukumwa tu kufikiri upya, maana Isaya 45:7 Mungu anasema yeye ndo anaumba nuru na giza pia, kama vile anamjibu mtu. Alafu kwenye magombo ya Kiyahudi ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana miaka ya 1940 kuna kanuni ya jumuiya inayoongelea roho ya kweli na roho ya uongo, ila inasema zote mbili kaziumba Mungu mmoja. Hapo unaona wazo limetafunwa na kumezwa Kiyahudi kabisa, ndo baadaye unakuta Yohana anaandika nuru na giza kila ukurasa.

Ukiwa Mkatoliki una kitabu cha Tobiti, kisome, yule pepo Asmodeo anayewaua waume wa Sara jina lake wataalamu wengi wanalitoa kwa Aeshma, pepo wa hasira wa Kiajemi. Na kisa hicho cha Sara kimepangwa Umedi, ndani ya Iran!

Sasa kabla hujapesti kitu kwenye grupu uliza hiki kitabu cha Kizoroasta kimeandikwa lini. Gatha ni za kale sana ila zilikaa vichwani mwa makuhani karne nyingi, na Bundahishn ambayo watu wanaitumia kulinganisha siku ya mwisho ilikamilika karne ya 9 hivi, Waislamu wakiwa wameshaitawala Iran. Kwa hiyo kufanana peke yake hakutoshi. Kwenye ufufuo tuna shahidi wa nje, Mgiriki Theopompus wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anasema mamajusi wanaamini watu watafufuka. Hilo lina uzito. Zile hoja za Mithra za kwenye picha ya Disemba, Warumi waliomwabudu walichora anatoka kwenye mwamba, sasa mwamba bikira ni upi? Na Saoshyant, mwokozi wao anayekuja, mama yake ni msichana anayeoga ziwani ambako mbegu ya Zarathustra imehifadhiwa, soma mwenyewe uone kama ni kisa cha Mariamu.

Mwisho usiishie kwa Yesu, shuka mpaka karne zilizofuata, Wakristo waliishi ndani ya Uajemi wenyewe, wakateswa na mfalme Shapur wa pili, wakafanya sinodi yao, yaani mkutano wa maaskofu, kwenye mji mkuu Seleukia-Ktesifoni mwaka 410. Alafu tafuta Injili ya Utoto ya Kiarabu, haimo kwenye Biblia na imeandikwa karne kadhaa baadaye. Humo mamajusi wanakuja kwa sababu Zarathustra alitabiri, Mariamu anawapa kitambaa cha kumfungia mtoto, wanarudi nacho kwao, wanawasha moto kama desturi yao, wanakitupia ndani. Moto unazimika, kitambaa kipo vile vile. Ni sura ya 7 na ya 8, fupi, unamaliza kabla chai haijapoa.