Usikiite Tiger kabla hujahesabu magurudumu

Napanga picha za zamani za vifaru vya Wajerumani vya vita ya pili ya dunia, na kinachoniuma ni kukuta kila picha imeandikwa Tiger, kana kwamba hakukuwa na aina nyingine ya kifaru. Tiger za kwanza (Tiger I) zilitoka kama 1,350 tu, Panzer IV zilipita 8,000, kwahiyo ukibahatisha jua umekosea.

Hatua ya 1: cheki kinatembelea nini. Matairi matupu ni gari la deraya. Matairi mbele na minyororo nyuma, mara nyingi ni Sd.Kfz. 251 ya kubebea askari, ile fupi yake ni 250. Minyororo mwanzo mwisho, twende.

Hatua ya 2: kile kichwa cha juu kinachozunguka kipo? Kama hakipo na mzinga umechomoza kwenye bodi, uko kwenye ukoo wa StuG (za kusaidia askari wa miguu) na Jagdpanzer (za kuwinda vifaru).

Hatua ya 3, na hapa usiwe na haraka. Hesabu magurudumu yanayokanyaga mnyororo chini, achana na lile la meno la mbele na lile la mwisho nyuma, halafu hesabu rola ndogo za juu zinazoshikilia mnyororo. Makubwa 5 ni Panzer II. 6 na rola 3 ni Panzer III, ila kama haina kichwa ni StuG III maana chasi ni ileile. Madogo 8 yamefungwa mawili mawili na rola 4 ni Panzer IV (za mwisho mwisho zina rola 3). Makubwa 4 bila kichwa mara nyingi ni Hetzer, chasi yake ina asili ya Wacheki. Sasa ukikuta magurudumu makubwa yamepandana kama magamba ya samaki na juu hakuna rola, angalia bati la mbele: limesimama wima kama sanduku ndo Tiger I yenyewe, limelala basi ni Panther au Tiger II, hesabu ekseli, Panther 8, Tiger II 9. Panther bila kichwa ni Jagdpanther.

Hatua ya 4: mabati ya pembeni. Kuanzia 1943 Panzer IV zilining'inizwa mabati membamba ubavuni na kuzungushiwa kichwa, ikawa kwa mbali inafanana kabisa na Tiger, hata askari waliokuwa wanapigana nazo walichanganya, kwahiyo chungulia magurudumu chini ya bati. Na Panzer IV yenye mzinga mfupi ni ya kabla ya mabadiliko ya 1942, zilipoanza kuwekwa mzinga mrefu.

Hatua ya 5: soma namba ya kichwani. Tiger 131 iliyotekwa Tunisia Aprili 1943, ambayo leo iko makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, inasomeka hivi: kombania ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1. Ukikuta R mbele ya namba, hicho ni cha makao makuu ya rejimenti.