Vile unaweza kuchora ramani ya Vela kwa miale ya gama ukiwa Kisumu

Hapa Kisumu mawingu ya ziwa yakishapanda jioni huoni nyota hata moja, lakini darubini ya Fermi, ile ya NASA inayoona miale ya gama (mwanga wenye nguvu kushinda hata eksirei), haijali mvua, iko kilomita kama 550 juu yetu tangu Juni 2008 na inazunguka dunia kila dakika 96 hivi. Miale ya gama humezwa na hewa kabla ifike chini ndio maana lazima ikamatiwe huko juu. Na data yake ni bure kabisa, mtu yeyote anachukua.

Anza na Vela, hiyo palsa (kiini cha nyota iliyolipuka, kinachozunguka kwa kasi) ndio inang'aa kushinda zote kwa gama, na pia nairudia kwa sababu setilaiti ya SAS-2 iliyoiona zamani ilirushwa 1972 kutoka pwani yetu, kule San Marco karibu na Malindi. Watoto wetu wanafaa kujua hiyo!

Laptopu ya Linux iko sawa, ya Windows weka WSL kwanza (inakupa Linux ndani ya Windows), alafu weka conda, ile ya kusakinisha programu, na kupitia hiyo uweke Fermitools, programu za kuchambua data ya Fermi. Ni mzigo mkubwa, tafuta waifai nzuri na uchaji betri ijae juu stima ni ya kupotea.

Ingia seva ya data ya LAT, hicho ndio chombo cha Fermi kinachonasa gama, andika Vela, nusu kipenyo digrii 15, nishati 100 mpaka 300000 MeV (kipimo cha nishati ya fotoni), mwezi mmoja tu. Chukua faili za PH (fotoni, yaani chembe za mwanga) na pia ile ya SC inayoonyesha setilaiti ilikuwa wapi, mimi mara ya kwanza niliiacha nikakwama siku nzima.

Sasa kabla uendelee fungua PH uangalie polepole. Kila mstari ni fotoni moja, nishati yake, ilitoka upande gani, ilifika sekunde gani ukihesabu kutoka 1 Januari 2001. Hiyo fotoni iligonga karatasi nyembamba ya tungsteni ikageuka elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), silikoni ikafuata nyayo za hizo mbili kujua ilikotoka. Ikiwa ni ya Vela imesafiri kama miaka elfu moja, na sasa iko kwa meza yako.

Sasa uchuje na programu za Fermitools. Tumia gtselect kuchagua fotoni, evclass 128 na evtype 3 (aina ya fotoni unazotaka), na zmax 90 (inakata zinazotoka upande wa dunia). Hiyo zmax usiiruke, hewa ya dunia yenyewe hutoa gama ikigongwa na miale ya anga za mbali na itakuchafulia ramani. Alafu gtmktime, inayobakisha tu muda ambao data ilikuwa nzuri, na (DATA_QUAL>0)&&(LAT_CONFIG==1), hapa ndio SC inahitajika. Mwisho gtbin, chagua CMAP (ramani ya kuhesabu fotoni), pikseli 100 kwa 100 za digrii 0.2, fungua na ds9, programu ya kuangalia picha za anga, uweke skeli ya log.

Doa lile nono katikati ndio Vela. Sasa rudia kila kitu kuanzia gtselect na emin 1000 (nishati ya chini kabisa, kwa MeV) uone doa likijikaza, kwa sababu fotoni yenye nguvu LAT hujua vizuri zaidi ilitoka wapi. Weka hizo ramani mbili kando kwa kando.