Mambo ya Kuandaa Kabla Mlipuko Mwingine Haujafika: Kwa Transjenda wa Dodoma

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Nani kati yetu transjenda, tunaoishi kwa jinsia tofauti na tuliyoandikiwa tulipozaliwa, alikuwa tayari? Tangu hapo Marburg imeshaingia Kagera mara mbili, 2023 na 2025, na kipindupindu hakipigi hodi. Andaeni haya sasa, mkiwa wazima.

Barakoa, sabuni, ndoo ya koki, ORS. Mnajua. Nunueni.

Walio kwenye ARV wasisubiri kopo liishe ndipo waende CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU. Kama virusi vimefubaa na hali yako imetulia, omba dawa za miezi mitatu au sita. Kadi ikae pamoja na dawa. Ukikwama Kondoa au Mpwapwa, ndiyo itakayomwonyesha mhudumu ulipofikia.

Homoni zina maneno zaidi. Dada wengi kati yetu, ili mwili uwe wa kike, wanameza vidonge vya uzazi wa mpango kutoka duka la dawa bila daktari wa kuwapangia. Estrojeni iliyomo huongeza hatari ya damu kuganda, na korona nayo hugandisha damu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, kimbia hospitali na useme unameza nini. Homoni zikiadimika, usije ukameza mbili mbili kufidia. Na kaka zangu mnaobana kifua kwa nguo ili kiwe bapa, ukianza kukohoa na kuhema kwa shida, vua.

Sasa jina. Hapa ndipo tulipoumia.

Februari 2017 serikali ilitangaza kufunga vituo 40 vilivyokuwa vikihudumia makundi yaliyo kwenye hatari kubwa ya VVU, kwa hiyo korona ilipokuja wengi tulipita mlango ule ule wa wote. Dada mmoja wa Chang'ombe alikwenda hospitali peke yake mwaka 2021, kavaa dera na barakoa, homa juu, anahema kama aliyepanda mlima. Kadi ya bima ina jina la kiume. Karani akaitazama kadi, akamtazama yeye, akamwambia ashushe barakoa. Kisha akalisoma jina lote kwa sauti. Benchi zima likageuka, mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Dada akachukua kadi yake, akaondoka.

Akajifungia chumbani anapiga nyungu na kunywa tangawizi, mpaka midomo ilipoanza kubadilika rangi ndipo jirani akaita bajaji. Alipona, lakini baada ya kuwekewa oksijeni. Daktari alimuuliza kwa nini amechelewa hivyo. Hakujibu.

Kwa hiyo chagua msindikizaji leo, usingoje homa. Awe mtu asiyekuonea haya, anayejua jina la kitambulisho na jina unaloitwa. Yeye ndiye atakayekwenda dirishani, aseme kwa upole: "Naomba mgonjwa wangu aitwe kwa jina la ukoo tu." Wapo makarani wanaokubali wakiombwa kwa adabu, tena kabla foleni haijajaa. Mtafute pia muuguzi mmoja au tabibu mwenye staha, mfahamiane sasa, uchukue namba yake. Na andika kwenye karatasi dawa unazotumia, dozi, mzio na simu ya msindikizaji. Usiongeze kingine, maana karatasi hudondoka na sheria zetu hazina huruma.

Weka akiba ya nauli ya usiku. Simu iwe na chaji na salio. Msichangie sindano za homoni, hata na rafiki wa kufa na kuzikana. Dawa za kuagiza mtandaoni zisizo na jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha, achana nazo. Mazungumzo ya simu yafute. Na kama unaishi kwa ndugu wasiokuelewa, ujue mapema utalala kwa nani wakikutoa, maana karantini ikishawekwa, milango ya watu hufungwa mapema.