Jinsi ya kukaa kambini mwaka mzima bila kuchanganyikiwa kwa kumkumbuka mkeo

Madogo wanajeshi mnaoondoka misheni ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa, hii ni yenu, na shemeji zetu mnaobaki Gongo la Mboto na Mwenge someni pia maana nusu ya kazi ni yenu. Hamu ya mke haianzi siku ya kwanza. Mwanzoni unachimba handaki, unafunga mahema, unajifunza njia za doria, usiku unalala kama gogo. Shida inaanza kambi ikishatulia, umetoka lindo saa nane usiku, mvua inapiga turubai, wa kitanda cha pili anakoroma, na wewe macho makavu unawaza nyumbani.

Kabla hujaondoka malizeni mambo ya hela, yote. Kodi ya miezi sita, ada ya Januari, mama yako atumiwe shilingi ngapi, kaka zako wakija kukopa wajibiwe nini. Ugomvi wa hela ukiwa Dar mnaumaliza kitandani, ukiwa Beni, mashariki mwa Kongo, mtandao unakata katikati ya sentensi alafu unaingia nao doria kichwani siku tatu.

Omba kanga yake, ile ya zamani iliyolainika anayolalia, sio mpya ya dukani. Asiifue. Iweke kwenye mfuko wa nailoni ufunge vizuri, usiitoe kila siku harufu itaisha mapema, toa siku mbaya tu. Na ikifika asubuhi ya ukaguzi iwe chini kabisa ya begi, la sivyo hanga zima litakuita shemeji mpaka mnarudi.

Sasa simu, na hapa ndo wengi wanaharibu. Usimuahidi mkeo saa. Ukisema "nitapiga saa tatu" na saa mbili na nusu mkapewa amri ya kutoka, yeye kule Ukonga kakaa na simu mkononi hadi alfajiri ameshakuzika kichwani. Muahidi siku, sema kati ya Jumamosi na Jumatatu nitakutafuta, nikipitiliza jua ni kazi. Kumbuka pia saa hazifanani, Beni na Goma wako nyuma ya Dar saa moja, Bangui kule Afrika ya Kati saa mbili, kwahiyo ukimaliza chakula cha usiku Bangui ukapiga yeye ameshalala na asubuhi ana daladala ya kuwahi.

Mkipatana msiongee vita. Muulize vitu vidogo, gesi imeisha lini, mtoto kang'oa jino gani. Mwambie akurekodie voisi za nyumbani bila kuongea chochote, anaacha tu simu dirishani, muuza kahawa anapita anagonga vikombe vyake, jirani anagombana na mtoto. Utaisikiliza mara mia hiyo.

Lakini picha za kambi usitume, wala gari, wala lindo, na lokesheni ya simu izime. Anayekupenda ataipost kwa furaha tu na hajui nani anaangalia.

Habari mbaya nazo mzipangie. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki kule Beni ilishambuliwa tukapoteza vijana zaidi ya 10, na habari kama hiyo inafika mtaani kabla ya majina. Kwahiyo wake wa kombania moja wawe na namba za wenzao, wa kwanza kupata simu anawaambia wengine waliosikika wazima, na neno la kifo lisubiriwe litoke jeshini, sio kwenye magrupu.

Mtandao ukipotea kabisa andika kwenye daftari. Wazee wetu waliovuka kwenda kumpiga Amin, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, na wapo waliobaki Uganda hadi 1981, hawakuwa na WhatsApp, walikuwa na kalamu. Mistari minne kila jioni inatosha, hata kama ni kulalamikia maharage.

Alafu wivu. Lazima kuna siku mtu atakutumia "mkeo tumemuona Kariakoo na jamaa". Usijibu usiku huo, usimpigie mkeo ukiwa umewaka, na kama zamu yako ya lindo imefika mwambie sajenti wako ukweli akubadilishie, maana mtu mwenye hasira na bunduki yenye risasi ni hatari kwake na kwa wenzake. Sajenti mzuri hatakucheka, ameshayaona. Mara nyingi jamaa mwenyewe ni mjomba wake tu kamsaidia kubeba mizigo.

Na tarehe ya kurudi kaa nayo mwenyewe. Ndege za misheni zinaahirishwa kila leo, utamfanya asuke nywele mara mbili na apike pilau la watu wa msikitini. Mpigie ukishakaa kwenye siti.