Kumpikia mtu mwenye sonona, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa anayepika, si wa anayeumwa. Mtu aliyezidiwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression), hana nguvu hata ya kunyanyuka kitandani, seuze kwenda sokoni. Mimi ni mhudumu wa lishe, na nimeishi na mtoto wa dada yangu, kijana wa chuo, hapa nyumbani kwangu Tanga huku akiendelea na matibabu. Nayaandika haya kwa sababu ndugu wengi huniuliza wampikie nini mgonjwa wao.

Chakula ni sehemu ya matibabu, si badala yake. Utafiti wa Australia ulioongozwa na Profesa Felice Jacka, uliochapishwa 2017, uliwafuatilia watu 67 wenye sonona kwa wiki 12. Wengi wao walikuwa tayari wanatumia dawa au wanaonana na mshauri. Kundi moja lilisaidiwa kubadili chakula: samaki, jamii ya kunde, mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa. Jingine lilipewa mtu wa kuzungumza nalo tu. Kwenye kundi la chakula, karibu theluthi walipata nafuu kubwa kiasi cha kuhesabiwa wametoka kwenye sonona. Kwenye lile jingine ni asilimia 8. Watu 67 ni wachache, lakini mimi matokeo hayo yananitosha kuwasha jiko.

Hatua ya 1: Vipimo kabla ya sufuria

Mpeleke hospitali, na umwombe daktari aangalie kama anahitaji kupimwa wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, na vitamini B12 kama kipimo kipo. Upungufu wa damu humchosha mtu na kumwondolea hamu ya kila kitu. Tezi ikizorota, hali huwa karibu hiyohiyo. Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi ataje, maana dawa hiyo hushusha B12. Tatizo la tezi halitibiwi kwa mchicha.

Hatua ya 2: Panga saa kwanza, aina ya chakula baadaye

Hapa ndipo penye kazi yote. Watu huanza na orodha ya vyakula, wakati sonona imeshaiondoa njaa yenyewe. Samaki mzuri kuliko wote hana faida akibaki kwenye kawa.

Gawa chakula cha siku mara tano, kidogo kidogo, kwa saa zisizobadilika. Tumia kibakuli, usitumie sahani kubwa. Sahani iliyojaa humshinda mgonjwa kabla hajashika kijiko. Asubuhi ndiyo ngumu kwa wengi. Kwa kijana wangu, saa moja asubuhi ilikuwa haiwezekani kabisa, uji ulipoa mbele yake mpaka ukaganda. Saa nne, akishaoga na kukaa barazani kidogo, kibakuli kilekile kilikwisha. Kwa hiyo itafute saa ya mgonjwa wako, na ukiipata uishike.

Usimuulize "utakula nini?" Kuchagua nako ni mzigo. Muulize "uji au ndizi?" na akikaa kimya mletee kimoja. Usimsimamie, usimwambie "kula mwanangu, utakufa", wala usimlinganishe na wadogo zake. Kaa naye, kula chako, ongeeni mengine. Kijana akiniambia "Mama mdogo, siwezi," namjibu "haya, kiache hapo," natoka, narudi baada ya nusu saa. Mara nyingi nakuta kimepungua.

Kutafuna kukiwa kazi, mpe vya kunywa. Nautetea sana uji wa ulezi mwepesi wenye maziwa na kijiko cha karanga zilizosagwa, kwenye chupa ya chai pembeni ya kitanda, aweze kuunywa hata usiku. Harufu ya kukaanga huwachefua wengine. Pika samaki chukuchuku, au kaanga akiwa nje. Weka karibu naye vitu visivyohitaji kupikwa: ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, chungwa lililokwisha menywa.

Tahadhari ambazo usiziruke. Asiyekunywa hata maji apelekwe hospitali leo. Aliyekaa zaidi ya siku tano bila kula chochote cha maana asishindiliwe chakula kingi nyumbani: madini ya damu yanaweza kushuka ghafla na kuhatarisha moyo, kwa hiyo kurudishwa kwake kwenye chakula kusimamiwe hospitali. Na akizungumzia kufa au kujidhuru, acha habari za chakula, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Wapo pia ambao sonona huwafanya wale kupita kiasi, hasa vitamu. Usiwafungie kabati. Saa zilezile tano huwasaidia, mradi kila mlo uwe na yai, maharage au samaki.

Hatua ya 3: Cha kutia sufuriani

Dagaa, vibua, au samaki wengine wenye mafuta, mara mbili tatu kwa wiki. Maharage, kunde, choroko au mbaazi kila siku. Mboga za majani kila siku. Ukishaipua, kamulia ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma na moto mrefu huiharibu. Dona badala ya sembe ikiwezekana.

Unga wa lishe wenye michanganyiko kumi na zaidi siupendi. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na yakishasagwa pamoja huwezi kuona punje iliyooza. Nunua ulezi peke yake na karanga peke yake, chambua mwenyewe, saga. Makopo ya virutubisho yanayotangazwa kuwa "yanatibu msongo" nayo yaache dukani. Fedha hiyo inanunua dagaa wa mwezi mzima.

Hatua ya 4: Vinywaji

Chai ya rangi ikae mbali na mlo, angalau saa moja, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Baada ya alasiri chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu visimame, asije akakosa usingizi. Pombe asiguse. Huzidisha sonona, na ikichanganyika na dawa humlevya na kumsinzisha kupita kiasi.

Hatua ya 5: Dawa na chakula

Fluoxetine, moja ya dawa za sonona, huweza kuleta kichefuchefu mwanzoni. Ikinywewa na chakula, mara nyingi hupungua. Amitriptyline, nayo ya sonona, hukausha mdomo, hufunga choo na huongeza uzito, kwa hiyo maji, papai na mboga viongezwe. Anayetumia lithium, dawa ya kutuliza mabadiliko makubwa ya hisia, asipunguze wala asizidishe chumvi ghafla, na anywe maji ya kutosha, maana mabadiliko hayo hubadilisha kiwango cha dawa kwenye damu. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Akianza kula vizuri, familia huona amepona na kuziacha. Kuacha au kupunguza ni uamuzi wa daktari, si wa mama mkwe wala wa jirani.

Hatua ya 6: Mizani na kazi ndogo

Mpime uzito kila baada ya wiki mbili, mizani ileile, na uandike. Ukiendelea kushuka, rudini kwa daktari na daftari hilo. Nguvu ikirudi, mpe kazi anayoifanya ameketi: kuchambua dagaa, kuchuma majani ya mchicha. Kwenda sokoni kuje baadaye, akiwa na mtu, asubuhi kabla ya msongamano.