Baada ya usaili: jinsi ya kuulizia majibu kwa barua pepe

Kazi yangu ni kuajiri, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kila baada ya usaili naona vijana waliojibu vizuri wakikaa kimya kabisa, au wakituma ujumbe wa kulialia. Naumia, kwa sababu mistari sita tu ingetosha.

Kwanza jua ni usaili gani. Kama uliitwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, usiandike; wao hutangaza matokeo kwenye tovuti yao. Ninayoeleza hapa ni ya kampuni binafsi, hoteli, mashirika na viwanda.

Hatua ya 1: Andika kumbukumbu siku hiyohiyo. Kabla hujapanda daladala ya Buhongwa au Kisesa, andika kwenye simu majina na vyeo vya waliokusaili, siku waliyosema watatoa majibu, na jambo moja mlilolizungumza kwa undani. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Tuseme uliomba udhibiti ubora. Jopo likauliza minofu iliyogandishwa ihifadhiwe kwenye nyuzijoto ngapi, ukajibu hasi 18 au chini ya hapo. Wakaendelea: umeme ukikatika usiku, utafanyaje? Ukababaika kidogo. Liandike swali hilo, utalihitaji.

Hatua ya 2: Subiri. Tarehe waliyotaja ikipita, ongeza siku 2 au 3 za kazi. Kama hawakutaja tarehe, wiki moja hadi mbili ni muda wa heshima.

Hatua ya 3: Ijibu barua pepe ileile iliyokuita kwenye usaili, ili msomaji aone mazungumzo yote chini yake. Kama uliitwa kwa simu, anza mpya, na kwenye mada uandike: *Yah: Usaili wa Mdhibiti Ubora, 12 Machi*.

Hatua ya 4: Andika hivi.

*Ndugu Afisa Rasilimali Watu,*

*Habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya Mdhibiti Ubora tarehe 12 Machi, na ninashukuru kwa muda mlionipa. Kuhusu swali la umeme kukatika, ningependa kuongeza: milango ya chumba cha baridi isifunguliwe, na jotoridi liandikwe mara kwa mara hadi umeme urudi, ili ijulikane kama kuna mzigo ulioathirika.*

*Mlieleza kuwa majibu yangetoka wiki iliyopita. Naomba kufahamu mchakato umefikia wapi. Bado niko tayari kuifanya kazi hii.*

*Wako,*
*(Jina kamili na namba ya simu)*

Angalia swali la umeme lilivyotumika. Nikisoma sentensi ile nakukumbuka mara moja, hata kama siku hiyo tuliwasaili watu wengi.

Shikamoo iache, hata kama mwenyekiti wa jopo ni rika la baba yako. "Habari za kazi" inabeba heshima yote. Tangazo likiwa la Kiingereza, andika kwa Kiingereza. Usitaje kodi ya nyumba wala ada za wadogo zako. Najua ni shida za kweli, lakini anayesoma hana namna ya kuzipima na za wenzako, na mara nyingi utamfanya aone aibu kukujibu. Wasifu usiuambatishe tena, tunao.

Hatua ya 5: Itume asubuhi ya siku ya kazi, baada ya kukagua tahajia ya jina la unayemwandikia. Kimya kikiendelea wiki nzima, andika mara ya pili, mistari miwili tu, kisha acha. Usitafute namba ya meneja ili umfuate WhatsApp.

Ukijibiwa kwamba hukuchaguliwa, shukuru kwa sentensi moja na uombe wakukumbuke nafasi ikitokea. Aliyechaguliwa akikataa mshahara, au akiondoka mapema, tunarudi kwenye orodha ileile, na aliyeaga vizuri ni rahisi kumpigia simu.